Tulivyoipeleka Figo ya Shemeki Bweremana

Tangu nirudi, kila anayeingia kwenye butike yangu hapa Walikale anaomba habari kwanza, chumvi baadaye. Wiki nzima nimesimulia kipande huku na kipande kule, na kila mmoja ameondoka na safari yake mwenyewe. Jirani anadai nilivuka ziwa. Mama wa samaki ameshawaambia watu kwamba nilipasuliwa tena. Basi jamani, nimeandika. Someni, mpokezane, halafu mniache nipime chumvi.

Kwa wasionijua vizuri: mimi ni Paluku, mtoto wa Butembo, muuza chumvi, vitambaa na sufuria. Miaka minne iliyopita figo zangu zote mbili zilikufa. Shemeki yangu Mashauri, kaka wa mke wangu Furaha, mkulima wa Karuba kule Masisi, alinipa moja ya zake. Tukaenda kupasuliwa India, tukarudi wote wawili wazima. Hiyo mnaijua. Msichokijua ni kwamba mwili hausahau kuwa kile kitu si chake. Kila asubuhi saa moja na kila jioni saa moja lazima nimeze dawa za kuutuliza, la sivyo unaigeukia ile figo na kuiua. Dawa hizo butike yangu haiwezi kuzilipia hata ningeuza na mlango wake. Anayelipa ni serikali, kupitia programu ya watu waliopandikizwa viungo. Na mimi niliyeitukana serikali maisha yangu yote nasema wazi: bila programu hiyo mngekuwa mmeshanizika na kunisahau.

Safari hii programu ilipiga simu na neno jipya. Dawa za nusu mwaka zitagawiwa Bweremana, kando ya ziwa Kivu, Alhamisi na Ijumaa. Kila mgonjwa aje na aliyempa kiungo, wapimwe wote wawili. Asiyekuja na mwenzake asubiri awamu nyingine. Nami nilikuwa na vidonge vya kunifikisha Jumamosi asubuhi, basi. Nikampigia Mashauri, simu ikaita mpaka ikakatika. Nikamtumia ujumbe: "Serikali inatuita wote wawili juu ya ile figo. Nakuja kukuchukua." Hakujibu. Nikasema, ah, ni mtandao wa kule milimani.

Walikale mpaka Kashebere

Nilitoka Jumatatu alfajiri kwa pikipiki ya Papa Dieudonné, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, anayeongea na pikipiki yake kuliko na abiria. "Panda, mama, panda, usinipatishe haya mbele ya bantu," anaibembeleza kwenye kila kilima. Mimi nyuma nimefunga kopo la margarini tumboni kwa kitenge cha Furaha. Ndani ya kopo mna vidonge. Mizigo mingine ilikuwa mgongoni, hiyo hata ingeanguka mtoni nisingelia.

Barabara mnaijua, sina haja ya kuitukana upya. Mchana tulikuta lori limelala ubavu katikati ya tope, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine bonde. Hata pikipiki haikuwa na pa kupita. Lile lori lilikuwa pale siku ya sita, na nyuma yake mengine matatu, na watu wake walishahamia. Kulikuwa na mama anayekaanga makemba, zile ndizi ndefu, mwingine anauza chai, na hata kinyozi mwenye kioo alichokitundika kwenye taa ya lori. Nilikula makemba mara mbili. Kama njaa ya barabarani ingeuzwa, ningekuwa tajiri.

Sasa simu yangu, niliyoifunga tumboni pamoja na kopo, hunikumbusha dawa kwa wimbo wa kwaya. Furaha ndiye aliyeuweka, akisema kengele ya kawaida nitaizima nilale. Basi saa moja jioni, tumezunguka moto wa kuni, kwaya ikaanza kuimba tumboni kwangu. Nikatoa vidonge, nikafumba macho, maana vingine ni vinene na haviteremki nikivitazama. Nilipofumbua, kofia zote zilikuwa zimevuliwa.

"Amina," akasema dereva wa lori.

"Hapana, kaka, nilikuwa nameza dawa tu."

"Kumeza dawa na kuomba, yote iko njia moja. Papa, ombea na hii lori yetu, siku ya sita leo."

Ningefanya nini? Nikaliombea lori. Na asubuhi, kwa kamba, kwa mikono ya watu kama thelathini na matusi ya lugha nne, lori likatoka. Mimi mkatoliki, mtoto wa mkatoliki, nikaitwa Pasta mpaka Kashebere, na mama wa makemba akakataa katakata kulipwa.

Kashebere mpaka Masisi

Pale Kashebere mnyororo wa pikipiki ukakatika. Papa Dieudonné akanipandisha kwenye lori la abiria linalokwenda Masisi, akisema yeye atatengeneza na kunikuta mbele. Nikabanwa kwenye benchi kati ya wamama na mafuko ya mchele. Daktari wangu aliniambia: dawa zinazoituliza kinga ya mwili zinakuacha wazi kwa kila kikohozi, kwa hiyo penye watu wengi funika kinywa na pua. Nikatoa barakoa yangu, nikaivaa, nikatulia.

Dada aliyekaa pembeni yangu akanitazama. "Papa, ulitokaka wapi?"

"Mimi mtu wa Butembo, dada."

Jamani! Kusema kweli ndiko kuliniponza. Mtu wa Butembo, amefunga kinywa, anatoa jasho. Ebola ya kule Butembo watu hawajaisahau. Dada akachukua kuku wake na kuhama. Aliyefuata akahama. Mzee mmoja akapanda juu ya mchele.

"Siyo Ebola!" nikasema kwa sauti. "Ni figo!"

"Ebola ya figo!" akapiga kelele mtu wa nyuma. "Hiyo imeingia lini tena?"

Nikavua barakoa ili wanione uso vizuri, ikawa vibaya zaidi. Dawa hizi zimenivimbisha mashavu, mnayajua, na wakasema tazama hata uso umeshafura. Nikairudisha. Kwa nini nigombane na watu? Benchi zima lilikuwa langu. Nikanyoosha miguu, nikalala usingizi mtamu mpaka Nyabiondo, na sijawahi kusafiri vizuri namna hiyo.

Kwenye bariyeri ya Nyabiondo, kizuizi cha kupima wasafiri, abiria walinishtaki hata kabla lori halijasimama. Akaja muuguzi wa pale, mwanamke mpole, akanipima joto, akafungua kopo langu, akasoma majina ya dawa. Nikampandishia shati akaona kovu. "Huyu iko muzima kuliko nyinyi wote," akawaambia. "Anatembea na figo ya muntu mwingine. Mumupe heshima." Wakanipa heshima, lakini benchi hawakurudi. Walinitazama tu mpaka Masisi kama wanaosubiri figo ya watu iseme kitu.

Masisi nililala kwa mfanyabiashara mwenzangu wa Butembo. Mama wa nyumba aliniandalia sombe, majani ya muhogo, na samaki, halafu akaleta pamplemousse, lile balungi kubwa, limemenywa vizuri. Mimi pamplemousse nimekatazwa kabisa, linaichezea dawa ndani ya damu. Nilipokataa alininunia. Nikamweleza mara mbili, akaninunia vilevile. Asubuhi nikakuta ameniwekea kilo ya maharagi kwenye mfuko wangu. Mtu wa kwetu akikununia hivyo, ujue amekusamehe.

Masisi mpaka Karuba

Papa Dieudonné alinikuta asubuhi, mnyororo mpya na hadithi ndefu. Siku ile ilikuwa Jumatano, jua limetoka, na milima ya Masisi ilikuwa ya kijani mpaka unatamani kuwa ng'ombe. Kila kona mtu anauza jibini, zile za mviringo. Nazo nimekatazwa, maziwa yasiyochemshwa. Nilimnunulia Papa Dieudonné, akala mbele yangu bila huruma hata kidogo.

Tulifika Karuba kwa wakwe alasiri, mvua nyuma yetu. Mama mukwe alitupokea mlangoni, mfupi, mnyoofu, kitenge kimefungwa kwa nguvu. Nikauliza hali za wote, halafu nikauliza la kwangu.

"Mama, Mashauri iko wapi?"

"Alitoka."

"Alienda fasi gani?"

"Kibabi. Anasaidia bantu kuezeka kanisa."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku ujumbe yako iliingia mu simu yake." Na akageuka kuitazama mvua.

Nikahesabu siku. Kibabi kwenye utelezi ule ni nusu siku, na kesho ilikuwa Alhamisi. Papa Dieudonné akasema pikipiki haitoki kwenye mvua ile, akaenda kulala kwa jirani. Nikabaki mimi na mama mukwe sebuleni.

Hapa lazima niwaeleze kitu. Katika ukoo wa mke wangu, mukwe haweki kitu kinywani mbele ya mama mukwe. Hata maji. Ni haya kubwa, wamekua nayo. Chakula changu siku zote hupitishwa nyuma ya pazia, nakula huko peke yangu, narudi nimefuta mdomo kama mtu asiyejua kula. Miaka kumi na minane ya ndoa, mama yule hajawahi kuona meno yangu yakifanya kazi.

Basi saa moja jioni kwaya ikaimba. Nikaizima haraka. Vidonge viko tumboni kwangu, mama yuko mbele yangu, nje mvua inapiga mabati, na kule nyuma ya pazia dada wa nyumbani alikuwa anambadilisha mtoto nguo. Nikasubiri mama ainuke. Yeye naye, nimekuja kujua baadaye, alikuwa anasubiri mimi niinuke, kwa sababu mwenye nyumba hamwachi mgeni peke yake. Tukakaa. Tukaongelea bei ya viazi. Tukaongelea ng'ombe wa jirani. Tukarudi kwenye bei ya viazi. Nusu saa ikapita, jasho linanitoka, maana dawa hii haitaki mchezo wa saa.

"Ile wimbo ilikuwa ya nini?" akauliza ghafla.

"Ya kunikumbusha dawa, mama."

"Dawa ya figo?"

"Ndiyo, njo hiyo."

"Na mbona haumeze?"

Nikatazama miguu yangu. "Naona haya, mama."

Akanitazama. Unaona kabisa anaigeuza ile kesi kichwani, kama hakimu. Halafu akainuka, akamimina maji yaliyochemshwa kwenye kikombe, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Ile dawa haiko ya weye. Iko ya figo. Na figo ile ilitoka kwa mutoto yangu, mutoto yangu anakulaka mbele yangu tangu alizaliwa. Weye geuka kule. Mutoto yangu akunywe."

Nikageuka, uso kwa ukuta, nikameza. Nyuma yangu nikamsikia akisema taratibu, "Kunywa, baba. Kunywa yote." Nikanywa mpaka tone la mwisho. Baadaye bugali na lenga-lenga, mchicha wa huku kwetu, vikaja, nikadhani sasa mambo yamelegea, nikaanza kuvuta kiti. Akanionyesha pazia. "Bugali njo ya weye," akasema.

Karuba mpaka Kibabi

Alhamisi tulitoka mapema na tukafika mchana umeshapita, maana mara tatu tulisukuma pikipiki na mara moja ilitusukuma sisi. Kanisa la Kibabi liko juu kidogo, kuta za mbao, paa nusu. Na juu ya lile paa, miguu ikining'inia, misumari imejaa kinywani, shemeki yangu.

"Mashauri! Shuka twende!"

Akatikisa kichwa.

"Bweremana ni leo na kesho tu! Nilikuandikia!"

Akatoa msumari mmoja, akaupigilia. Akatoa mwingine. Mafundi wenzake wakaacha kazi kutusikiliza. Mwisho akatema misumari kwenye kiganja, akaniita yaya, yaani kaka mkubwa, kama siku zote. "Yaya, enda peke yako. Mimi nisipofika njo itakuwa muzuri kwako." Akairudisha misumari kinywani.

Nitasema yote, hata yanayoniaibisha. Nilikasirika kupita kiasi. Nilimwambia kama anajuta angesema kule India, kabla hawajanichoma dawa ya usingizi. Nilimwambia mwoga ni mwoga hata akipanda juu ya kanisa. Nilimwambia ananiua mchana kweupe mbele ya mashahidi. Papa Dieudonné alinivuta mkono mara mbili. Mashauri hakunijibu hata neno. Akaendelea kugonga mpaka jua likawa chini, nami nimekaa kwenye mbao, nimejaa hasira na njaa, nikila viazi vya kuchoma alivyoniletea mmoja wa mafundi.

Saa moja kwaya ikaimba. Nikafungua kopo langu pale pale, nikameza za jioni. Nikasikia ngazi inalia. Mashauri alikuwa ameshuka, amesimama juu yangu, anachungulia ndani.

"Hii tu njo imebaki?"

"Hii tu. Ya kesho asubuhi, ya kesho jioni, na ya Jumamosi asubuhi."

"Mu butike hamuna ingine?"

"Hakuna, shemeki. Hakuna popote."

"Na wakinikosa mimi pale?"

"Hawanipi. Wanataka wote wawili."

Akakaa chini kwenye mbao. Akajifuta uso kwa kofia. "Sikuyua," akasema. "Vreman, kweli kabisa, sikuyua." Akavaa kofia yake tena. Halafu akasema, "Kesho tutaenda. Lakini pale kwa meza yao, mimi njo nitasema wa kwanza." Nikamuuliza atasema nini. Akakataa kuniambia, akaenda kurudisha nyundo ya kanisa.

Kibabi mpaka Bweremana

Ijumaa tuliondoka kabla ya mwanga, watu watatu kwenye pikipiki moja. Papa Dieudonné akaiambia, "Mama, leo iko siku ya kuonyesha." Ikaonyesha kwa saa moja hivi, halafu breki zikakataa. Kutoka pale njia inateremka tu mpaka ziwani, na pikipiki isiyo na breki kwenye mteremko ule ni ya kumwachia adui. Ilikuwa saa moja kasoro. Wakubwa wa programu walisema boti yao inaondoka saa nane.

Tukashuka kwa miguu, mimi na Mashauri, Papa Dieudonné akabaki na mgonjwa wake. Saa moja kamili kwaya ikaimba njiani, Mashauri akanipa chupa ya maji bila kunitazama. Hatukuongea. Mimi nilikuwa bado nimenuna, na aibu imeanza kuingia kidogo kidogo, na aibu ukiichanganya na kununa unapata mtu mbaya sana wa kutembea naye. Mara mbili niliteleza nikakaa kwenye tope. Mara zote mbili aliniinua, akanipangusa mgongo, akaendelea.

Chini, ziwa likatokea lote kwa mara moja, limetulia, linang'aa. Tukakutana na kundi la ng'ombe kwenye njia nyembamba, tukasubiri wapite, na ng'ombe wa Masisi hawajui saa nane. Mchungaji wao akatuuliza tunakimbilia wapi. Nikamwambia serikali inanigawia dawa. Akacheka mpaka akaegemea fimbo. "Serikali? Inagawa?" Sikuwa na muda wa kumtetea mtu.

Kuingia Bweremana kulinukia sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, mate yakanijaa. Mashauri akanivuta. "Usikule kwanza. Watapima damu." Yeye aliyekataa kuja sasa ndiye aliyekuwa anakimbia mbele.

Bweremana

Tulifika saa saba na nusu. Chumba kilikuwa cha kituo cha afya karibu na gati, meza mbili, na watu wa programu walishaanza kufunga maboksi. Aliyekuwa mkubwa ni daktari mwanamke wa makamo, miwani imeshuka puani, amechoka. Akatazama orodha, akatutazama sisi, tope mpaka magotini.

"Paluku wa Walikale. Nilisema hamtakuja tena. Na huyu?"

"Ni mwenye kunipa figo."

"Karibuni, baba zangu. Kaeni."

Wakatupima wote wawili, damu, mkojo, presha. Mashauri alitoa mkono wake kwa sindano bila hata kufumba macho, nami nikakumbuka neno "mwoga" likaniuma. Kimashine chao kikatoa majibu baada ya muda. Daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza. Figo yangu inafanya kazi vizuri. Iliyobaki kwa Mashauri inafanya kazi vizuri. Akafungua boksi moja, akaanza kupanga dawa mezani, paketi juu ya paketi, nusu mwaka mzima. Mimi nilikuwa nazitazama tu kama mtoto anayetazama mikate. Akanisogezea karatasi nitie sahihi.

"Ngoja kwanza," Mashauri akasema. Akasimama, akavua kofia. "Dokta, niko na neno. Mimi njo nilitoa ile figo. Nilisikia serikali inatuita wote wawili. Nikawaza: serikali imechoka kununua hizi dawa. Kila siku, mara mbili, miaka inapita, nani hatachoka? Kwetu muntu akiazima jembe, akishindwa kulitunza, jembe inarudi kwa mwenyewe. Nikasema, njo ile. Watatoa figo kwa shemeki, wanirudishie. Njo maana nilienda kujificha Kibabi. Nikasema wakikosa mwenyewe wa kurudishia, wataiacha pale iko."

Waliokuwa wanafunga maboksi wakaacha kazi. Kijiko cha mtu kikaanguka chumba cha pili. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu na sikujua tena ni ya nini. Jana yake nilikuwa nimemtukana mtu aliyepanda juu ya kanisa ili mimi nibaki hai.

"Papa," daktari akasema polepole, "hakuna mutu anarudishaka figo. Haifanyikake. Tulikuita tuone kama weye uko muzima. Serikali inataka kujua na wenye kutoa kama wako salama. Ni ile tu."

"Na siku serikali itachoka kulipa?"

Daktari akavua miwani. Angeweza kusema uongo, na mimi ningemshukuru. "Mwaka huu imelipa. Mwaka kesho iko mu bajeti, niliiona kwa macho yangu. Ile mwingine, Papa, siyue. Tunaombaka kila mwaka. Tutaomba tena."

Mashauri akafikiri. "Eh bien. Basi andika."

"Niandike nini?"

"Andika kwamba mimi, Mashauri wa Karuba, sitaki kurudishiwa. Hata dawa ikikosa. Hata serikali ibadilike, iko na tabia ya kubadilika. Figo ni ya Paluku."

Nikatazamia daktari acheke. Hakucheka. Wa boti akachungulia mlangoni kusema saa imefika, daktari akamwonyesha kiganja: ngoja. Akachukua karatasi safi, akaandika kwa mkono, akimsomea kila neno. Mashauri akamrudisha mara moja, aongeze "hata nikigonjwa mimi". Mimi hapo nikashindwa. Nililia mbele ya watu wa serikali, mtu mzima na mvi zake, nikamshika shemeki shingoni, nikamwomba msamaha kwa yote ya jana.

"Ulinitukana mingi sana," akakubali.

"Na mbona haukunijibu?"

"Nilikuwa na misumari mu kinywa, yaya."

Akatia sahihi, pole pole, herufi moja moja. Akataka na muhuri. Daktari akaupiga. Akataka nakala mbili, moja ibaki kwa serikali ili isije ikasahau, moja aende nayo Karuba kwa mama yake. Daktari akaandika ya pili, boti ikipiga honi.

"Na ya kwangu?" nikauliza.

Mashauri alikuwa anaikunja yake na kuitia ndani ya kofia. Akanitazama kama ameshangaa kweli.

"Ya weye ya nini? Weye uko na figo yenyewe."